Upande wa Safi

Nkololo, Bariadi
12 Machi 1995

Kaka yangu Ngeleja,

Mwangaluka. Huku kwetu ni mhola, ndiyo kusema tunaamka, tunalima, tunalala. Mvua ilikuja kwa kusitasita lakini pamba imesimama na imeanza kufunga vitumba. Kama ungekuwepo ungepita mistarini mikono nyuma, kama baba, bila kung'oa hata gugu moja.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu Nyamizi. Ulimwona kwenye matanga ya baba yake, amekaa chini ya meza anapanga vifuniko vya soda kwa rangi. Sasa ni mwanamke mzima, na bado anapanga. Kuchambua pamba hapa nyumbani ni kazi yake peke yake. Akikaa kwenye kichanja, safi inakwenda kulia, fifi, ile yenye madoa na takataka, inakwenda kushoto, na jani dogo kama ukucha wa kuku halimpiti. Ukimchanganyia, analia. Kaka yake Masele anamcheka, anasema wanunuzi wa siku hizi hawana habari na fifi, wanabeba yote. Kila kitu ruksa, anasema.

Shida ni hii. Tangu Krismasi Nyamizi hataki vidonge vyake vya kifafa. Zamani nilikuwa nikimpa kutoka kwenye kopo la hospitali ya misheni, anameza bila maji, tumemaliza. Baadaye hospitali wakasema dawa inakuja kwa shida. Masele akaanza kununua Bariadi mjini, kwenye maduka haya mapya ya dawa, wanamfungia kwenye karatasi. Nyamizi anafungua karatasi, anaangalia, anaweka chini. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemwimbia. Anaweka chini.

Wewe ndiye uliyesoma katika tumbo letu. Nifanyeje? Mkononi ana kidonda kidogo, kinapona, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Felisita Masalu


Songea
3 Aprili 1995

Mdogo wangu Felisita,

Barua yako ilifika na vumbi jekundu kwenye mikunjo, nami sikulipangusa. Ni miaka mingi sasa tangu niliporudi kutoka Tabora nikakuta nyumba ya baba imeezuliwa na kijiji kizima kimehamishiwa kando ya barabara. Nilisimama kwenye mahame yale nikaona kibuyu kimoja kimeachwa mlangoni. Sikuweza kuishi penye nyumba mpya zilizopangwa kama meno. Ndiyo maana niko huku kwenye baridi, ninapoota bado naota Nkololo, na katika ndoto nyumba ziko pale pale zilipokuwa.

Sasa kuhusu mpwa wangu. Nyamizi ana mambo mawili, na watu wetu huyafanya kuwa moja. La kwanza ni kifafa. Hicho ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa, na dawa yake haiachwi ghafla, maana ikiachwa ghafla kifafa hurudi na hasira. La pili si ugonjwa wa kumeza kidonge. Ni namna alivyoumbwa kuuona ulimwengu: kupenda mpango, kuchukia kelele, kusema kidogo. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam ameniandikia kwamba walimu fulani huko wanaiita usonji. Nimelipenda neno hilo kwa sababu ni jina, wala si tusi.

Nimesoma pia kwamba mwenye haya mawili mara nyingi huwa na la tatu, na la nne: tumbo, usingizi, meno. Hayaonekani kwa sababu kila anapolia watu husema, ndivyo alivyo. Kumbuka hilo.

Kuhusu vidonge, jambo liko wazi. Mtu mwenye usonji huchukia mabadiliko. Kopo limekuwa karatasi, basi amekataa. Fanya hivi: visage viwe unga, utie katika uji wake wa asubuhi, ukoroge vizuri. Asijue. Atakunywa, na kifafa kitatulia.

Nisalimie kaya nzima.

Kaka yako,
Ngeleja Masalu


Nkololo
30 Aprili 1995

Kaka Ngeleja,

Wabeja kwa barua. Niliisoma jioni hiyo hiyo pale shikome, motoni, baada ya chakula, kama ilivyo desturi ya nyumba ya baba. Barua ya mkubwa haisomwi chumbani. Walikuwepo Masele na mkewe Jenifer, na mzee Kija jirani, na watoto wake. Niliisoma yote kwa sauti mpaka jina lako. Mzee Kija akasema huyo Ngeleja kichwa chake bado kinafanya kazi. Tukakubaliana wote kwamba shauri la uji ni zuri. Nyamizi naye alikuwa pale pale pembeni, anajitikisa, anakula michembe yake ya viazi vilivyokaushwa.

Asubuhi nikasaga, nikakoroga, nikampelekea. Kaka, hakuonja. Hata kunusa hakunusa. Aliuchukua uji akaumwaga taratibu kwenye mtaro, akanirudishia bakuli.

Nikajaribu kwenye mlenda. Akaacha mlenda. Nikajaribu kwenye maziwa mtindi, ambayo anayapenda kuliko mimi mama yake. Akaacha maziwa. Sasa chakula chochote nilichopika mimi hakigusi. Anakula michembe tu, ile mikavu, na lazima aitoe mwenyewe guniani. Maji anakunywa kisimani, kwa kiganja chake.

Alijuaje? Jenifer anasema mtoto ana macho ya ndani.

Na kuna jambo jipya. Anashika tumbo, anajikunja, halafu anajipiga kichwa kwa ngumi. Majirani wanasema sasa imepanda kichwani kabisa. Mimi nasema sijui. Pamba imepasuka na yeye bado yuko shambani anachuma, anajikunja, anachuma. Kikapu chake ndicho cheupe kuliko vyote. Nikikitazama najivuna na machozi yananitoka.

Felisita


Bariadi
7 Mei 1995

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sina maneno mengi kama wewe na mama, nitasema moja kwa moja.

Mama anakuficha. Kile kidonda kidogo ni kuungua. Mwezi wa pili Nyamizi alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga. Mimi ndiye niliyemtoa. Juzi ameanguka tena, mara hii karibu na kisima, Jenifer akamdaka nguo. Jenifer ana mimba, mjomba. Mimi nashinda kituoni, nimepata uwakala wa kampuni moja inayonunua pamba. Nani atamshika siku nyingine?

Kuna mganga ng'ambo ya Mwanhuzi. Anapokea watu wa namna hii na wanakaa kwake moja kwa moja, anawafunga kamba ya mguuni ili wasiangukie moto. Wapo waliotulia. Mavuno yakiisha nitampeleka. Mama anasema bila neno la mjomba wake binti hatoki. Basi toa neno.

Usione kwamba simpendi. Nilikuwa namtetea shuleni mpaka nikang'oka jino. Lakini mtu unachoka. Dunia imebadilika, yeye habadiliki. Kampuni inanunua safi na fifi bei moja, kila mtu anamwaga gunia na kuondoka, yeye bado anachambua kana kwamba ushirika utafufuka kesho.

Nasubiri jibu.

Masele Nyanda


Songea
21 Mei 1995

Felisita, na Masele naye aisikie,

Neno langu ni hili: Nyamizi haendi Mwanhuzi. Mtu anayefungwa kamba ya mguuni haanguki motoni, ni kweli. Hata mbuzi hafiki mbali.

Masele, umefanya vyema kuniambia ukweli, na jino lako nalikumbuka. Felisita, kidonda cha moto si kidonda kidogo. Uliponificha ulinifanya nikate shauri gizani.

Sasa nisikilizeni. Nilipofika penye habari ya shikome niliiweka barua chini, nikavua miwani. Dada, umeniuliza alijuaje. Alijua kwa sababu ulimsomea. Alikuwa pale, anatafuna, na sisi tulishazoea kwamba anayejitikisa hasikii. Tulikata shauri la kumdanganya mtu mbele yake, kwa sauti, tukiwa tumeshiba. Macho ya ndani hayakuhitajika. Masikio ya nje yalitosha.

Tangu siku hiyo amefanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya tukisikia jikoni kuna anayetutilia kitu chakulani. Ameacha kula. Na mtu anayekula michembe mikavu peke yake, na maji ya kiganja, tumbo lake litakuwaje? Usiseme ndivyo alivyo. Mpeleke hospitali, umwambie daktari habari ya tumbo kabla ya kutaja kichwa, maana ukitanguliza kichwa hatalisikia tumbo.

Na nina ombi moja. Katika barua zako zote umeniandikia kwamba anakataa vidonge. Hujaniandikia anavyovikataa. Anatazama nini? Anaweka chini wapi? Mkifika hospitali, mpe vidonge vyote kwa pamoja, mchana, penye mwanga. Usimwambie ameze. Nyamaza, utazame mikono yake. Nilisema anachukia mabadiliko, kwa kuwa kitabu kilisema. Kitabu hakijamwona Nyamizi.

Usichelewe. Naandika haraka, na mimi si mtu wa haraka.

Ngeleja


Nkololo
19 Juni 1995

Kaka yangu,

Kaa kitini kwanza.

Tulikwenda. Masele alitupeleka kwa gari la kampuni, ananung'unika njia nzima kwamba pamba inamsubiri. Nyamizi alifunika masikio kwa sababu ya ngurumo ya injini, nikampa kitenge changu ajifunike. Hospitali tulimpata daktari kijana, Marcelo, mpole, sauti ya chini. Nikaanza na tumbo kama ulivyoniagiza. Akamwomba Nyamizi ruhusa. Kaka, sijawahi kumsikia mtu akimwomba Nyamizi ruhusa. Alimwambia, nataka kuweka mkono hapa, nikikuumiza sukuma. Nyamizi hakusukuma.

Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari akasema choo kimefunga, ni siku nyingi, na maumivu yake yanaweza kumfanya mtu yeyote ajipige kichwa. Masele akaangalia ukutani.

Ndipo nikafanya ombi lako. Nilitandika khanga kwenye benchi dirishani, nikamwaga vidonge vyote, kila karatasi aliyoninunulia Masele tangu Krismasi. Nikanyamaza. Masele akasema, tunapoteza muda. Daktari akamwambia, kaka, kaa.

Nyamizi akakaa kama anavyokaa kwenye kichanja. Akaanza. Kimoja kulia, kimoja kushoto. Anakigeuza, anakipeleka kwenye mwanga, anapitisha kidole cha gumba pembeni. Kulia. Kushoto. Muuguzi amesimama na bomba la sindano mkononi.

Alipomaliza, kushoto kulikuwa na lundo kubwa, kulia lundo dogo. Akaonyesha kushoto. Akasema, "Fifi."

Daktari akaliinamia lundo la kushoto. Akatoa vipande vilivyovunjika, vilivyolika pembe, vilivyoota madoa. Halafu akatoa vingine akavitenga, vimefanana na vile vizuri kama pacha, ila mstari wa katikati umepungua kina. Akavigeuza kimoja kimoja penye mwanga. Akasema hivi si dawa ya kifafa kabisa, duka limechanganya.

"Mama," akaniambia, "binti yako hajakataa dawa. Amekataa kudanganywa. Kipande si kidonge, na hiki hapa kingemdhuru."

Masele alikuwa amevinunua yeye. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, nikamwacha.

Daktari akasema vile vya karatasi asimeze hata kimoja, hata vya upande wa safi. Akasema dawa ya hospitali imeanza kuja tena, akaleta kopo jipya lililofungwa, akalifungua mbele ya macho ya Nyamizi. Nyamizi akamimina kiganjani, akatazama, akachagua kimoja. Akameza bila maji, kama zamani. Nilikaa chini sakafuni, kaka.

Sasa kila kitu kinafunguliwa mbele yake. Papai nalikata akiwa anatazama. Maji namimina akiwa anatazama. Mlenda anakaa nami jikoni mpaka unaiva, mbali na mafiga, Jenifer amemtengenezea mahali pake na kigoda. Tumbo limelegea. Kifafa kimemwangusha mara moja tu tangu siku hiyo, na kwa upole, na Masele alimlaza ubavu kama daktari alivyotufundisha.

Jambo la mwisho nilitaka kulificha, lakini nimeacha tabia hiyo. Tuliporudi alikwenda kwenye sanduku ninamoweka barua zako. Unajua hajui kusoma, ila ile ya shikome aliiona mkononi mwangu. Akatoa ile ya mwezi wa nne, ile ya uji, akaikunja pamoja na vile vidonge vibovu alivyorudi navyo kwenye karatasi yake. Zingine hakuzigusa. Nilipotaka kuitoa akanishika mkono. "Fifi," akasema.

Nisamehe. Sikujua kama nicheke.

Felisita


Songea
5 Julai 1995

Nyamizi, binti wa dada yangu,

Barua hii ni yako. Mama yako atakusomea wewe peke yako. Wengine wakitaka kuisikia, wakuombe.

Mimi ni mjomba wako Ngeleja. Nilisema dawa yako ifichwe kwenye uji. Lilikuwa shauri baya. Barua ile umeiweka mahali pake, iache huko.

Nataka ujue kazi niliyofanya. Kwenye kiwanda cha misheni wanachapa vitabu. Kabla kitabu hakijatoka, waliniletea kurasa, nikatafuta herufi iliyokaa vibaya. Nyingine imegeuka, nyingine imevunjika, nyingine imefanana na mwenzake lakini siyo. Niliitoa. Watu walisema Ngeleja ana wazimu, nani ataiona herufi moja? Nami sikuweza kuiacha ipite. Kwa hiyo niliposoma jinsi ulivyochambua vidonge dirishani, nilisimama peke yangu chumbani, mzee mzima, nikapiga makofi.

Una kifafa, una tumbo linaloumia upesi, una usonji. Sitasema huna. Pia una macho na mikono iliyookoa maisha yako wakati sisi wote tulikuwa tumekosea. Wewe ni wa ukoo wa Masalu, na ukoo wa Masalu una sababu ya kujivuna.

Nina swali. Sijalala Nkololo tangu zamani sana. Nataka kuja, pamba ikiisha. Nitakuja polepole, sitapiga kelele, sitakaa kwenye kigoda chako. Je, nije? Unaweza kujibu kwa namna yoyote unayotaka. Mama yako atatazama, ataniandikia.

Mjomba wako,
Ngeleja


Nkololo
6 Agosti 1995

Kaka,

Barua ya Nyamizi nilimsomea kwenye kichanja, wawili tu. Masele alipoona tumejitenga akaja. Nikamwambia ni ya dada yako, omba. Akacheka, akadhani natania. Nikaikunja barua. Basi akaomba. Nyamizi alifikiri kwa muda mrefu, Masele amesimama juani na kofia yake ya kampuni, halafu akamsogezea nafasi. Nikaisoma upya tangu jina.

Sasa habari ya mnada wa pamba, maana kijiji kizima kinaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi. Mimi nilikuwepo.

Soko limefunguliwa, magunia yamejaa kituoni kwa Masele, kila mtu amemwaga safi na fifi pamoja, wengine na mchanga ndani. Siku hiyo akaja bwana mkubwa kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba. Akatia mkono gunia hili, akatoa majani. Lile, akatoa mawe. Akamgeukia Masele mbele ya watu, akamuuliza kama kampuni imemtuma kununua pamba au takataka. Vijana wa mzani wakacheka. Masele akainamisha kichwa.

Ndipo bwana akafika kwenye gunia letu. Akatia mkono mpaka kiwiko. Akautoa, akautazama, akatia upande wa pili. Akauliza, hii ya nani?

Kaka, Masele angeweza kusema ni yangu, na wote tungenyamaza. Alipanda juu ya mzani ili aonekane. Akasema kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye mikokoteni wakageuka:

"Ya dada yangu Nyamizi, yule pale. Ana kifafa, na ana usonji, na Bariadi nzima hamna anayechambua kama yeye. Mwenye gunia la kushindana naye alilete hapa nilione."

Hakuna aliyeleta. Mzee Kija akasema mimi langu lina mchanga tu, nitalipeleka wapi.

Bwana akachukua pamba ya Nyamizi gao la mkono, akaiweka mezani, akatangaza kwamba kuanzia leo pamba ya kituo hiki itapimwa kwa hii. Nyamizi akaja, akaichukua ile pamba mezani, akairudisha guniani, akafunga. Watu wakaangua kicheko. Masele hakucheka. Akamfundisha bwana mkubwa wa watu: hapa kwetu unaomba kwanza. Bwana akavua kofia, akaomba. Nyamizi akafungua gunia, akachagua mwenyewe, akampa. Ndiyo hiyo imekaa kwenye sahani kituoni mpaka leo.

Habari ya Mwanhuzi hakuna anayeitaja tena.

Sasa jibu lako. Nilipomaliza kumsomea, alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole cha gumba pembeni. Ni vile vile alivyofanya na vidonge siku ile ya hospitali. Kisha akainuka kwenda ndani. Hakuipeleka sandukuni. Aliikunja akaiweka ndani ya kopo la dawa yake, chini ya kifuniko, upande wa kulia wa rafu, mahali ambapo haweki kitu chenye doa.

Njoo, kaka. Ila uje ukijua kwamba utachambuliwa.

Mdogo wako,
Felisita Masalu